Mbegu Inapokaa Ghalani: Nani Anabeba Hasara Nyamiaga?

Mvua za vuli zinapokaribia, familia nyingi za Kata ya Nyamiaga na vijiji vinavyoizunguka wilayani Ngara hufungua gunia, mtungi au mfuko na kutoa mbegu. Uamuzi wa kuipeleka mbegu shambani hufanywa kwa jicho na kwa kiganja: punje ikiwa nzima, inang'aa na haina tundu la fukusi, inapandwa. Siku saba hadi kumi baadaye ardhi hutoa jibu lake, na mara nyingine jibu hilo ni mistari yenye mapengo. Lawama ya kwanza huelekezwa kwa mvua, ya pili kwa wadudu, ya tatu kwa mwenye duka la pembejeo. Ni nadra mtu kuuliza mbegu ile ilikuwa na umri gani, na umri huo iliupitisha katika hali gani.

Swali hilo linastahili kuulizwa sasa kuliko miaka ya nyuma, kwa sababu mbili. Mvua zimekuwa hazitabiriki, na kila juma mvua inapochelewa ni juma jingine ambalo mbegu inazeeka ikiwa ndani ya nyumba. Pili, mbegu ya kununuliwa inazidi kuingia vijijini. Ruzuku ya mbolea ilianza msimu wa 2022/2023, na baadaye mbegu za mahindi nazo zikaingizwa katika mpango huo. Ni jambo jema. Hata hivyo, mbegu ya dukani imesafiri na kukaa katika maghala ambayo mkulima wa Nyamiaga hajawahi kuyaona, ilhali ile ya nyumbani anaijua tangu ilipovunwa.

Tuanze na mbegu yenyewe. Punje ya harage iliyokauka si kitu kilichokufa kinachosubiri kufufuliwa na mvua. Ni kiumbe hai kilichopunguza shughuli zake hadi kiwango cha chini kabisa: kinapumua, ingawa polepole mno, na kinatumia akiba yake kidogo kidogo. Kadiri muda unavyopita, utando unaozunguka chembe hai zake huanza kuharibika, mafuta yaliyomo huchacha, na hata maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kiini hupata majeraha. Mbegu changa ikipata maji hurekebisha majeraha hayo kabla ya kuchipua. Mbegu iliyozeeka hurekebisha kwa shida, na hatimaye hushindwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Mbegu haifi ghafla. Kabla ya kupoteza uwezo wa kuota, hupoteza kwanza nguvu ya kuota. Mbegu ya namna hiyo ukiiweka kwenye kitambaa chenye maji ndani ya nyumba, itachipua. Ukiizika shambani katika udongo uliopoa na kulowa kupita kiasi, au ukiifukia kina kirefu kidogo, itaoza au itatoa mche dhaifu unaosongwa na magugu. Ndiyo maana mkulima mmoja husema mbegu ni nzima na jirani yake aliyepanda mbegu ileile husema ni mbovu. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa shamba lake.

Je, mbegu hudumu muda gani? Jibu la haraka, ambalo husikika sana, ni kwamba mbegu ya msimu uliopita inafaa na ile ya miaka miwili iliyopita haifai. Jibu hilo halitoshi. Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, aliacha kanuni mbili ambazo hadi leo hutumiwa kama kipimo cha kukadiria. Kila unyevu wa ndani ya mbegu unapopungua kwa asilimia moja, maisha ya mbegu huongezeka takriban mara mbili. Na kila joto la mahali inapohifadhiwa linapopungua kwa nyuzi tano hivi za Selsiasi, maisha hayo huongezeka tena takriban mara mbili. Ni kanuni za makadirio, lakini tazama zinavyofanya kazi. Chukua mahindi ya shamba moja, yaliyovunwa siku moja. Nusu imekaushwa hadi unyevu wa asilimia 11 na kuwekwa chumbani penye nyuzi 20. Nusu nyingine imewekwa ikiwa na unyevu wa asilimia 14, chini ya bati penye nyuzi 30. Tofauti ya unyevu peke yake ni mara nane, na ya joto ni mara nne; kwa pamoja ni mara 32. Kwa kalenda mafungu hayo mawili yana umri uleule. Kwa hesabu ya mbegu, moja ni kijana na jingine ni kikongwe.

Kwa hiyo muda haufanyi kazi peke yake, bali huzidishwa na unyevu na joto. Ngara, kwa kuwa iko juu na ina hewa ya ubaridi kuliko Pwani, imejaliwa upande wa joto. Tatizo letu kubwa ni unyevu, na unyevu huo unafuata misimu yetu miwili kwa namna ambayo inaweza kumdanganya mtu.

Maharage ya masika huvunwa kwa kawaida kuelekea Mei na Juni, kiangazi kinapoingia. Yanakauka vizuri juani, kisha hukaa miezi mitatu au minne hadi vuli. Maharage ya vuli huvunwa kuelekea Desemba na Januari, mara nyingi kati ya manyunyu, kisha hupandwa tena mwanzoni mwa masika, baada ya majuma machache tu. Mtu angedhani mbegu iliyokaa majuma sita ni bora kuliko iliyokaa miezi minne. Mara nyingi ni kinyume. Mbegu ya Januari huvuliwa maganda ikiwa na unyevu, huanikwa kwa kukimbizana na mawingu, na huingia gunia ikiwa bado laini. Ikiwa humo hupata joto lake yenyewe, kwa sababu mbegu mbichi hupumua kwa kasi, na ukungu hufuata. Mbegu ya Juni ilizeeka polepole kwa miezi minne. Ya Januari ilizeeka kwa kasi kwa majuma sita. Anayehesabu miezi pekee atachagua mbegu isiyofaa.

Kina mama wanaijua ishara moja ya jambo hili bila kufundishwa na mtaalamu yeyote. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hukataa kuiva. Kuni zinaisha na punje bado ngumu. Hali ileile inayoyafanya yawe sugu jikoni ndiyo inayoizeesha mbegu. Mwanamke anayelalamika kwamba maharage ya gunia fulani hayaivi ametoa taarifa muhimu kuhusu mbegu ya gunia hilo, ingawa ni wachache wanaomsikiliza kwa nia hiyo.

Mazao nayo hayafanani. Mtama na ulezi ni wavumilivu. Mahindi na maharage yaliyokauka vema hustahimili mwaka mmoja au zaidi. Karanga, soya na alizeti, kwa kuwa zina mafuta mengi, huzeeka upesi. Karanga zilizobaki ndani ya maganda hudumu kuliko zilizobanguliwa, na hivyo ni busara kuzibangua karibu na siku ya kupanda. Vitunguu husifika kwa kutodumu. Mbegu ya kahawa, ambayo ni muhimu sana katika Mkoa wetu wa Kagera, hupoteza uhai ndani ya miezi michache katika hali ya kawaida, kwa hiyo anayeanzisha kitalu haifai aiweke akiba kama mahindi. Kokwa za parachichi na za embe hazivumilii hata kukaushwa: ukizikausha umeziua. Ushauri wa kukausha sana na kuhifadhi muda mrefu, ambao ni sahihi kabisa kwa nafaka, kwa kokwa hizi ni hukumu ya kifo.

Tuondoe pia mkanganyiko mmoja wa maneno. Wakulima husema "mbegu imechoka", na usemi huo hubeba mambo mawili tofauti. La kwanza ni aina ya zao iliyorudiwa miaka mingi, ikachanganyika na nyingine au ikabeba magonjwa kama chule na batobato ya maharage kutoka kizazi hadi kizazi. Au mahindi chotara yaliyovunwa na kupandwa tena, ambayo hayawezi kurudisha nguvu ya kizazi cha kwanza. La pili ni mbegu ya aina nzuri iliyozeeka ghalani. Uchovu wa kwanza hautibiwi kwa ghala bora, wala wa pili hautibiwi kwa kubadili aina. Mtu anayeacha harage alilolirithi kwa bibi yake kwa kuwa halikuota vizuri msimu mmoja, huenda amelihukumu bila kosa. Kosa lilikuwa la mfuko.

Msomaji wa Maandiko Matakatifu anaweza kuuliza: Yosefu alihifadhije nafaka ya Misri kwa miaka saba ya shibe hadi miaka saba ya njaa? Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41 na ya 47, kina jambo linalopita haraka masikioni mwetu. Wamisri walipofika mwisho wa uwezo wao, hawakuomba chakula pekee. Waliomba pia mbegu, ili nchi isibaki ukiwa, na Yosefu akawapa. Yaani katika ghala la njaa palikuwa na akiba ambayo bado ingeweza kupandwa. Msomaji anayejua habari za mbegu hashangai sana, kwa kuwa Misri ni nchi kame na ukavu ndio mhifadhi mkuu. Katika ngome ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata kokwa za mtende zenye umri wa takriban miaka 2,000. Moja ilipandwa mwaka 2005 ikaota, na mti huo ukapewa jina la Methusela. Kule Svalbard, Norwei, ghala la dunia lililofunguliwa mwaka 2008 huhifadhi mbegu katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyamiaga hatuna jangwa wala barafu. Tuna kiangazi cha Juni hadi Agosti, na hicho ndicho tunachopaswa kukitumia kikamilifu.

Namna ya kukitumia si siri. Mbegu ianikwe juu ya turubai au mkeka, isianikwe juu ya udongo mtupu unaoirudishia unyevu usiku. Igeuzwe mara kwa mara, na isiachwe ikaungua juu ya bati: joto likizidi nyuzi 40 hivi huanza kukiumiza kiini. Kujua kama imekauka, wengi huuma punje kwa meno. Kuna njia nyingine isiyo na gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa yenye kifuniko, weka mbegu hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mbegu haijawa tayari. Isipoganda, nafaka ya chakula inaweza kuhifadhiwa. Lakini ya mbegu iongezewe siku nyingine kadhaa za jua, maana asilimia 15 bado ni nyingi mno kwa mbegu.

Kisha ndipo uje mfuko. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la kinga njaa, imeokoa mazao mengi. Wadudu walio ndani hukosa hewa na kuacha kula na kuzaana, akiwamo dumuzi, yule aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea nchini, ambaye wazee wengine humwita Skania. Mfuko huo pia huzuia mbegu iliyokauka isinyonye tena unyevu wa masika. Lakini haukaushi chochote. Mbegu mbichi ikifungiwa humo haina pa kutolea unyevu wake, na itakufa mapema kuliko ingekaa kwenye gunia la kawaida. Anayenunua mfuko huo bila kwanza kukausha amelipia jeneza. Majivu ya bibi zetu nayo yalikuwa na sababu: huziba nafasi kati ya punje na kumkwaruza mdudu. Yanafaa, mradi ni makavu na yamechekechwa.

Unyevu huohuo una hatari kubwa zaidi ya kukosa mavuno. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, ambayo hutokana na ukungu unaomea kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au zisizohifadhiwa vema. Kwa hiyo nafaka iliyokataliwa kuwa mbegu kwa sababu ya ukungu isigeuzwe kuwa uji wa watoto.

Sasa tufike kwenye swali la kichwa cha makala hii: nani anabeba hasara? Shamba la mahindi la ekari moja, lililopandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30, lina mashimo yapatayo 18,000. Mbegu ikiota kwa asilimia 60 na kila shimo lilikuwa na punje moja, mashimo 7,200 yatabaki matupu. Palizi italipwa ileile, mbolea ileile, kodi ya shamba ileile. Mwenye akiba atarudia kupanda. Mjane, au kijana aliyekodi shamba kwa fedha ya mkopo, hana cha kurudia nacho, na hata akikipata, siku kumi za mvua ya kwanza zimekwisha kwenda.

Na maskini ndiye mara nyingi anayepanda mbegu mbaya zaidi, si kwa ujinga bali kwa njaa. Septemba ikifika chakula kimepungua, na mbegu iliyotengwa Juni inaliwa. Baadaye hununua harage la sokoni lisilojulikana lilivunwa lini, wapi, wala lilikaa juani au kwenye unyevu. Tusimlaumu mzazi aliyewapikia watoto mbegu. Mipango ya misaada inayojua kazi yake hugawa chakula pamoja na mbegu, ili mbegu ifike shambani. Ngara ina kumbukumbu ya jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikajaa. Taasisi za kimataifa za utafiti wa kilimo zilianzisha mpango wa kuwarudishia Wanyarwanda mbegu zao. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya maharage yaliyopandwa baada ya vita ilitoka kwenye akiba za wakulima wenyewe na masoko ya jirani. Ghala dogo la nyumbani na gulio la kijiji vilibeba uzito ambao wengi hawakuutarajia. Kwa maoni yetu, hilo ni sababu ya kuwekeza kwenye ghala la nyumbani kwanza, badala ya kulitazama kama mabaki ya ukale. Hayati Papa Fransisko, katika Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, namba 129, aliwatetea wakulima wadogo ambao kwa mbinu zao nyingi hulisha sehemu kubwa ya watu duniani. Utetezi huo unafika hadi kwenye mtungi wa mbegu.

Upande wa mbegu za dukani tuna Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI. Tupo pia na utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo huzalishwa na wakulima wenyewe kwa usimamizi na kuuzwa karibu na zinapozalishwa. Kwa eneo la pembezoni kama letu, utaratibu huu una faida ya kufupisha safari na muda wa kukaa. Lakini maabara hupima mbegu ya siku ile iliyopimwa. Lebo haijui kwamba pakiti ilianikwa dirishani kwa msimu mzima na nusu kama pambo la duka. Mnunuzi ana haki ya kutazama tarehe, kuuliza pakiti ilikaa wapi, na kupewa risiti ambayo itamsaidia kudai. Mwenye duka mwaminifu hataudhika. Maafisa ugani na wakaguzi nao wangefanya vema kuyazuru maduka mwezi Agosti, kabla ya msimu, kuliko Novemba baada ya malalamiko. Vikundi vya akina mama na vijana katika vigango, vinavyopenda kununua mbegu kwa jumla ili kupunguza bei, vinunue za msimu mmoja tu. Punguzo la bei lililolala ghalani misimu miwili hugeuka deni.

Kwa mbegu ya nyumbani, mpimaji ni mwenye shamba mwenyewe. Majuma matatu kabla ya kupanda, achote punje kutoka juu, katikati na chini ya mfuko, azichanganye na kuhesabu 100 bila kuchagua nzuri. Azipange kwenye kitambaa safi kilicholowa, akikunje na kukiweka kivulini, akikinyunyizia maji kila siku. Baada ya siku saba au nane ahesabu zilizotoa mzizi ulionyooka na chipukizi lenye afya. Zilizopinda na zilizooza zisihesabiwe. Zikifika 85 au zaidi, apande kama kawaida. Zikiwa kati ya 60 na 80, aongeze mbegu: zikiota 70, panapohitajika kilo saba za mbegu inayoota yote, atumie kilo kumi, asipande kina kirefu, na asubiri udongo ulowe vizuri. Zikipungua 60, kama hazikutiwa dawa na hazina ukungu, zipelekwe jikoni, na mbegu nyingine itafutwe kwa jirani ambaye zake zimepimwa, kukiwa bado kumebaki majuma mawili kabla ya mvua.